Kuku wa Kuumbi na mkaa wa Mwanza: tarehe ya kaboni inapima nini hasa?

#1 Ngosha wa Mabatini

Wakuu, kwema? Wa Mwanza mwangaluka.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, eti mifupa ya mtoto kutoka pango la pwani ya Kenya "imepimwa kaboni ikakutwa na miaka 78,000". Mtoto huyo ni wa kweli, sio chai. Alifukuliwa Panga ya Saidi, kule Kilifi, na habari zake zikatangazwa 2021. Watafiti walimpa jina la Mtoto. Alikuwa na umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, na aliyemzika alimlaza ubavu akamkunja magoti, kwa hiyo hakutumbukia humo kwa bahati mbaya. Ila kaboni haihusiki na hiyo 78,000, wala haiwezi kuhusika. Hapo ndipo nataka tuongee, maana huku kwetu kila jiwe lina hadithi yake, na siku hizi kila hadithi inatafutiwa namba.

Wengi wetu hii mada tuliikariri shuleni tukaiacha kwenye chumba cha mtihani. Kaboni-14 inatengenezwa juu angani, pale mionzi ya kutoka nje ya dunia inapogonga hewa na nyutroni kuingia kwenye naitrojeni. Inaungana na oksijeni, majani yanaivuta, mbuzi anakula majani, sisi tunamla mbuzi. Katika kila atomu trilioni moja hivi za kaboni mwilini mwako, moja ni hiyo. Ukiwa hai unaijaziliza kila unapokula. Ukifa, mlango umefungwa: haiingii mpya, na iliyomo inaoza kwa mwendo wake. Baada ya miaka 5,730 imebaki nusu, baada ya 11,460 robo. Ukifika miaka 50,000 imebaki chini ya asilimia 0.3, na hapo hata mashine kali inashindwa kutofautisha masalia na uchafu uliotoka kwenye vidole vya aliyeshika sampuli. Mbinu hii aliileta Willard Libby wa Chicago mwaka 1949, akapewa Nobel ya kemia 1960.

Kwa hiyo Mtoto alipatiwa umri kwa njia nyingine. Chembe za mchanga zilizomzunguka hukusanya nishati kutoka mionzi ya ardhini tangu siku ya mwisho zilipoliona jua. Maabara inazimulika na kusoma zimekusanya kiasi gani. Kilichopimwa ni udongo wa kaburi. Mfupa wenyewe haukusomwa.

Na hii ndiyo hoja yangu kwenye uzi huu: mtu akikupa tarehe, muulize kwanza kimepimwa nini.

Mfano mzuri uko Unguja, pango la Kuumbi, Jambiani. Profesa Felix Chami alichimba pale 2005 na kueleza kwamba kuna mifupa ya kuku kwenye tabaka za maelfu ya miaka kabla ya Kristo. Hilo sio jambo dogo. Kuku asili yake ni Asia, kwa hiyo akiwa Unguja wakati huo, basi kuna watu walikuwa wanavuka Bahari ya Hindi mapema kuliko vitabu vinavyosema. Wasomi wakabishana miaka. Tatizo ni kwamba tarehe za tabaka hutoka kwenye mkaa, halafu mfupa uliolala jirani unapewa umri wa mkaa. Pangoni kuna panya wanaochimba, kaa wanaochimba, watu wanaochimba shimo la moto au la kuzikia. Mfupa mdogo wa ndege unashuka chini kirahisi sana. Juu ya hapo, mfupa wa kuku, wa kanga na wa kwale inataka jicho la mtaalamu kuitofautisha.

Mwaka 2017 timu iliyoongozwa na Mary Prendergast ilitoa matokeo ya kupima mifupa yenyewe, kutoka Kuumbi na sehemu nyingine za pwani. Wakahitimisha kwamba ushahidi wa kuku wa zama hizo za mbali hausimami. Kuku na panya weusi wa majumbani wanaonekana kwa uhakika kuanzia karne ya 7 na ya 8 baada ya Kristo. Pango ni lile lile, mabishano ya miaka yamepata jibu kwa sababu mtu aliamua kupima mfupa badala ya jirani yake.

Kuumbi ya chini kabisa ndiyo inanifurahisha zaidi. Kuna mifupa ya pundamilia na nyati. Unguja! Zama za barafu bahari ilikuwa chini na kisiwa kilikuwa kimeungana na bara, wanyama wakawa wanatembea tu mpaka huko.

Sasa swali kwa wana-Kanda ya Ziwa: mawe yetu yote haya, kuanzia Capri Point mpaka Ukerewe, mbona hatusikii mifupa?

Nawasilisha.

#2 Kahawa Chungu

Siti ya mbele. Nimekuja na karanga.

#3 Mzee wa Igogo

Mwalimu, nakuheshimu, lakini haya mambo ya miaka elfu na elfu mimi nayaona ni kubahatisha kwa lugha ya kisomi. Nani alikuwepo akaihesabu? Wazungu wanaweka namba, sisi tunameza. Isitoshe unasema kaboni inazaliwa angani kila siku. Unajuaje kwamba zamani ilikuwa inazaliwa kiasi kile kile?

#4 Ngosha wa Mabatini

Mzee shikamoo. Swali lako la mwisho ndilo lililowanyima usingizi wenyewe, na jibu ni kwamba haikuwa kiasi kile kile.

Libby alianza na vitu ambavyo umri wake unajulikana kwa njia nyingine, kama mbao za makaburi ya Misri, ya mafarao Djoser na Sneferu. Zilikubaliana na hesabu kwa kiasi cha kutia moyo. Baadaye vipimo vilipokuwa vikali zaidi, tofauti zikaanza kuonekana. Dawa ikawa pete za miti. Mti wa nchi za baridi huongeza pete moja kila mwaka, kwa hiyo unahesabu pete, unakata pete ya mwaka fulani, unaipima kaboni, unaandika. Wameunganisha miti hai na magogo ya zamani mpaka wamerudi nyuma zaidi ya miaka 12,000, mwaka kwa mwaka. Kwa hiyo "nani alikuwepo" ni mti.

Ndiyo maana jibu la maabara huwa halitumiki likiwa bichi. Linasomwa dhidi ya hiyo jedwali ya pete kwanza, na ukikuta mtu ameandika miaka "iliyopita" kwenye jibu la maabara, anahesabu kurudi nyuma kutoka 1950, sio kutoka leo. Mwaka huo unafaa kwa sababu muda mfupi baadaye mabomu ya nyuklia yaliyojaribiwa hewani yalivuruga kila kitu. Kufikia 1963, kaboni-14 kwenye hewa ya nusu ya kaskazini ya dunia ilikuwa karibu mara mbili ya kawaida.

Hata uvurugaji huo una faida yake. Mwaka 2016 Thure Cerling na wenzake walipima pembe za ndovu zilizokamatwa na vyombo vya dola, wakaona nyingi ni za tembo waliouawa miaka michache tu kabla ya kukamatwa. Wanaodai wanauza pembe za akiba ya zamani waliumbuka.

#5 Mwana wa Jambiani

Assalaam alaykum. Nimeona Kuumbi imetajwa nikasema nipite.

Pango lile sisi twalijua kabla ya mtaalamu yeyote. Wazee huenda kuomba na kuweka sadaka mpaka leo, na ubani unafukizwa mle ndani. Sasa nauliza mimi: huo moshi na majivu yetu hayaharibu vipimo vyao?

Na jengine. Nilisikia walichukua mifupa ya watu pia, sio wanyama tu. Ni kina nani wale?

#6 Ngosha wa Mabatini

Waalaykum salaam ndugu yangu. Majivu ya leo yakikaa juu hayana shida, shida ni yakishushwa chini na shimo au mdudu. Mchimbaji makini anafuata rangi ya udongo kuona kama kuna shimo limekata tabaka.

Kuhusu watu: kuna utafiti wa vinasaba uliotoka 2017, ulihusisha mabaki ya mtu wa Kuumbi na wa pango la Makangale kule Pemba, wa kama miaka 1,400 iliyopita. Vinasaba vyao vinawaweka na wawindaji wa kale wa Afrika Mashariki na Kusini. Dalili ya wakulima wa Kibantu haikuonekana kwao. Yaani wakati vijiji vya kwanza vya wakulima na wafanyabiashara vinaanza pwani, mle mapangoni bado kulikuwa na watu wengine kabisa. Kwangu hilo linazidi habari ya kuku.

Ila tarehe za watu wa kisiwani zina mtego. Kaboni ya baharini ni ya zamani kuliko ya hewani, kwa sababu maji ya kina kirefu hukaa karne nyingi bila kukutana na hewa, halafu yanapanda juu na kuchanganyika. Chaza aliyekufa leo, maabara inaweza kumwona ana miaka mamia. Mtu aliyekula samaki na chaza maisha yake yote anaazima uzee huo kwenye mifupa. Kwa hiyo maabara inapima pia kaboni-13 na naitrojeni-15, ambazo zinaonyesha chakula chake kilitoka nchi kavu au majini, halafu inapunguza.

#7 BintiKirumba

Ngoja kwanza. Kama mla samaki wa baharini anazeeshwa, vipi sisi wa dagaa na sato? Bibi yangu amekula samaki ziwani miaka yake yote. Akipimwa atatoka na umri wa Mirambo?

#8 Ngosha wa Mabatini

BintiKirumba umenifurahisha. Bibi aishi miaka mingi.

Maziwa nayo yana mtego wake, lakini sababu ni tofauti. Kinachozeesha samaki wa maji baridi mara nyingi ni chokaa: mawe ya chokaa ni kaboni ya mamilioni ya miaka, haina kaboni-14 hata chembe, na yakiyeyuka majini yanaingia kwenye mwani, konokono, samaki na mla samaki. Victoria inapata sehemu kubwa ya maji yake kutokana na mvua inayonyesha juu yake, na mawe yanayoizunguka upande wetu ni graniti, sio chokaa. Kwa hiyo sababu ya kuogopa ni ndogo kuliko kwa maziwa yaliyokaa kwenye chokaa.

Hata hivyo huwezi kukadiria kwa macho. Unatafuta gamba la kombe au konokono lililookotwa ziwani kabla ya mabomu, lenye tarehe ya kuokotwa, likahifadhiwa kwenye makumbusho fulani, unalipima. Ukichukua la leo pale Mwaloni halikusaidii, limeshakula kaboni ya mabomu.

Hiyo graniti ndiyo jibu la swali langu la mwanzo pia, na naona hakuna aliyelirukia. Mapango ya pwani ni matumbawe na chokaa. Maji yanayopita humo yana chokaa, udongo hauna ukali, mfupa unadumu. Udongo wa graniti una asidi, mvua yetu inausafisha kila mwaka, na joto linamaliza kolajeni, ile protini ya mfupa ambayo maabara inaitaka. Unaweza kuchimba chini ya jiwe kubwa hapa ukapata vigae na vipande vya mawe vilivyochongwa, mifupa imebaki unga au imepotea kabisa. Soper na Golden walitembea Mkoa wa Mwanza wakachapisha taarifa yao 1969, humo kuna mapango ya Nyang'oma na Chole, yenye vigae vya Kansyore. Hivyo ni vyungu vya wavuvi na wawindaji walioishi kuzunguka ziwa kabla ya kilimo. Vya kale kabisa vinafikia miaka 8,000 hivi. Watu walikuwepo. Ni mifupa yao tu iliyokosa pa kujihifadhi.

#9 Fundi Kokoto

Mimi ni wa vitendo. Napasua mawe, nimekulia kwenye hii kazi. Mwalimu anasema mkaa unapimwa, sasa nikwambie ukweli wa huku mlimani: jiwe likiwa gumu tunalichoma. Unapanga kuni chini yake, kuni zikipungua unaongeza matairi, linapata moto mpaka linapasuka lenyewe, *paa*, ndipo unaingia na nyundo. Ukienda chini ya mawe mengi ya milima hii utakuta mkaa na masizi kila mahali. Hapo hapo kuna vijana wanachimba usiku wakitafuta mali ya Mjerumani, wakiona mchoro wowote kwenye jiwe wanasema ni alama ya rupia. Shimo linaenda urefu wa mtu. Sasa mtaalamu akija akaokota mkaa wake, anajuaje kama ni wa babu wa kale au ni wa kwangu?

#10 Ngosha wa Mabatini

Wabeja, Fundi. Hii post yako ingefaa isomwe na kila mwanafunzi wa akiolojia kabla hajaletwa Mwanza.

Tuanze na tairi, maana hilo pwani sijawahi kulisikia. Tairi lina mpira wa bandia na masizi yanayotokana na mafuta ya petroli. Petroli imekaa ardhini mamilioni ya miaka, kaboni-14 yake iliisha zamani. Kwa hiyo masizi ya tairi yakijipaka kwenye mkaa wa kale yanauzeesha. Ukali wake unahesabika: sampuli ikiwa na asilimia 1 tu ya kaboni iliyokufa, inaongezewa kama miaka 80. Ikiwa asilimia 10, zaidi ya miaka 800. Kuni zako za juzi zinafanya kinyume, na kwenye vitu vikongwe sana zinaharibu vibaya zaidi. Chukua kitu ambacho hakina kaboni-14 kabisa, kichanganye na asilimia 1 ya kaboni ya leo, maabara itakusomea kama miaka 37,000. Namba nzuri kabisa ya kuandika gazetini, na ni takataka tupu.

Maabara huosha sampuli kwa asidi, halafu alikali, halafu asidi tena, kutoa chokaa na uchafu wa udongo. Inasaidia. Lakini mkaa wako ukishakuwa tabaka moja na mkaa wa kale, hakuna dawa ya kuutenganisha. Wote ni mkaa safi. Hapo inategemea aliyechimba aliona nini.

Wale wa mali ya Mjerumani sina la kuwasaidia. Wanageuza tabaka juu chini, na kama kulikuwa na cha kupimika wamekimaliza wao.

#11 Omuhaya wa Kemondo

Mmekaa mnalia na graniti wakati ng'ambo ya ziwa tuna historia imepimwa miaka mingi. Katuruka, Kagera. Wazee walimweleza mwanaakiolojia Peter Schmidt habari za Mukama (mfalme) Rugomora Mahe na mnara wake wa chuma, wakamwonyesha na mti. Akachimba pale miaka ya 1970, akakuta tanuru na mavi ya chuma, mkaa ukapimwa, baadhi ukaangukia karibu na 500 kabla ya Kristo. Wafua chuma wa Buhaya miaka 2,500 iliyopita! Hata hilo mtatuambia ni tairi?

#12 Ngosha wa Mabatini

Hahaha, hapana Omuhaya, hiyo ni heshima yenu na sina ubishi kwamba chuma cha magharibi ya ziwa ni cha zamani sana. Na napenda kwamba hadithi ya wazee ndiyo iliyomfikisha kwenye tanuru. Rugomora mwenyewe ni wa karne chache tu nyuma, lakini kumbukumbu ilielekeza mahali sahihi.

Ubishi wa wasomi uko kwenye ile 500. Kwanza, mkaa unapima siku kuni zilipokua, sio siku tanuru lilipowashwa. Mfua chuma anataka mti mgumu, mnene, na kiini cha mti mnene kinaweza kuwa kimekufa karne mbili kabla ya kukatwa. Pili, na hili halimlaumu yeyote: ile jedwali ya pete za miti ina sehemu tambarare kati ya 800 na 400 kabla ya Kristo. Mkaa wa 750 na mkaa wa 420 unaweza kutoa majibu yanayokaribiana sana. Kwa hiyo mwanzo wa chuma chenu umeangukia mahali pabaya kuliko pote pa kupimia. Ukiongeza na kwamba sisi tuko karibu na ikweta, ambako hewa ya kusini na ya kaskazini inachanganyika, na kila upande una jedwali lake lenye tofauti ya miongo michache, unaona kwa nini mtu mwangalifu anatoa karne na hatoi mwaka.

#13 Kahawa Chungu

Karanga zimeisha. Hivi na ile habari kwamba ziwa liliwahi kukauka ni chai au kweli?

#14 Ngosha wa Mabatini

Kweli tupu, na ilipatikana kwa kaboni hii hii. Walishusha mabomba kwenye tope la chini ya ziwa, wakafika mahali tope la ziwani linakoma na unakutana na udongo uliowahi kukaa juani. Mabaki ya mimea kwenye tope la juu yake yakapimwa. Thomas Johnson na wenzake walichapisha 1996. Kwa hesabu iliyorekebishwa, maji yalirudi kama miaka 15,000 iliyopita. Sasa fikiria furu, wale wadogo ambao sangara aliwamaliza: aina zaidi ya 500, na nyingi zimejitofautisha ndani ya muda huo. Watu wa vinasaba bado wanachambua mababu zao waliingilia mto gani.

Tope la ziwa halina asidi ya mlimani wala watu wa rupia. Ndiyo hifadhi yetu.

#15 Fundi Kokoto

Swali la mwisho, nilitaka PM lakini acha liwe hapa. Kuna ufa kwenye jiwe moja huku, ndani kuna fuvu la mtu. Limekaa muda, halijaguswa. Vijana wanataka kulitoa waliuze kwa "watafiti".

#16 Ngosha wa Mabatini

Lisitoke. Anza na mwenyekiti wa mtaa na polisi, kwa sababu mpaka ithibitishwe vinginevyo hilo ni fuvu la mtu ambaye ndugu zake wanaweza kuwa hai. Likionekana ni la kale, inaingia Idara ya Mambo ya Kale. Afisa utamaduni wa halmashauri anajua pa kupeleka barua. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, na kuchimba au kuuza bila kibali kutawapeleka hao vijana pabaya. Anayetaka kununua fuvu usiku sio mtafiti.

Piga picha kwa mbali na kwa karibu, weka kitu cha kuonyesha ukubwa, usilioshe, usilipake vanishi wala gundi, usiliwekee pamba. Gundi ina kaboni yake.

#17 BintiKirumba

Na mwalimu ukipewa wewe hela za kupima, unaanza na nini? Hilo fuvu?

#18 Ngosha wa Mabatini

Hapana. Sampuli moja ni mamia ya dola, na mashine ya karibu ninayoijua iko iThemba LABS, Johannesburg. Fuvu lililokaa wazi kwenye graniti linaweza kukosa kolajeni ya kutosha, hela ikaenda bure. Ningetafuta punje ya mtama iliyoungua chini ya jiwe ambalo Fundi hajalichoma. Mtama unaishi msimu mmoja, hauna kiini cha karne mbili, na haukula samaki.